Gesi Hushuka: Jiko la Kuchomea la Gesi katika Nyumba za Lamu na Malindi

Mwenye nyumba ya mawe Lamu akinunua jiko la gesi la kuchomea samaki na nyama, swali la kwanza huwa ni liwekwe wapi, na jibu la kwanza huwa ni juu. Jibu hilo lina asili yake. Waamu wamepika juu tangu zamani: kidari cha meko, yaani mahali pa kupikia, kilikaa orofa ya mwisho, chini ya makuti, ili moshi wa kuni upae zake na joto lisibaki vyumbani. Wajenzi wale waliujua moto wao. Moshi hupanda, nao wakaupa njia ya kupandia.

Gesi ya mtungi haina tabia hiyo. Ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa: propani kwa takriban mara moja na nusu, butani kwa karibu mara mbili. Ikivuja haipai. Hutambaa sakafuni, hufuata mteremko, hushuka ngazi na kutuama mahali pa chini palipozibwa pande zote. Kwa hiyo jiko lililo juu ya nyumba laweza kuvujia chini ya nyumba, na mtu anayebonyeza swichi ya taa orofa mbili chini yake akawa ndiye aliyewasha moto. Karibu masharti yote ya usalama wa jiko hili yanatokana na jambo hilo moja. Aliyelielewa hana haja ya kukariri orodha ndefu.

Kiasi chenyewe nacho kinastahili kufikiriwa. Ndani ya mtungi gesi imebanwa hadi ikawa kioevu. Lita moja ya kioevu hicho ikitoka nje huwa kiasi cha lita 250 za gesi. Gesi hiyo huanza kuweza kuwaka ikifika asilimia 2 hivi tu ya hewa iliyopo. Ikizidi asilimia 10 hewa haiitoshi, haiwaki. Pigia hesabu ile asilimia 2: lita 250 hutengeneza lita 12,500 za mchanganyiko unaoweza kulipuka, yaani chumba kizima chenye urefu wa mita mbili na nusu, upana wa mita mbili na kimo cha mita mbili na nusu. Hiyo ni lita moja. Mtungi wa kilo 13 uliojaa una zaidi ya lita 20.

Gesi yenyewe haina harufu. Ule mnuko unaotukirihi, wa kabichi iliyooza, hutiwa makusudi ili pua ijue kabla ya moto. Lakini pua huzoea, na mwenye mafua hanusi kitu. Tena, kwa kuwa gesi iko chini, mtoto anayecheza sakafuni huenda akainusa kabla ya mtu mzima aliyesimama. Mtoto akisema kunanuka, asikizwe.

Mahali pa kuliweka

Njia rahisi ya kutambua gesi itakwenda wapi ni kukumbuka maji ya masika. Mvua ikipiga darini, kule juu ya nyumba palipo wazi, maji hukimbilia upande gani? Yakijaa, huingia kwenye ngazi? Huangukia kiwanda, ule uwanja wa ndani uliozungukwa na kuta? Yapitapo maji ndipo itakapopita gesi, isipokuwa maji huonekana na gesi haionekani. Basi jiko na mtungi wake vikae upande ambao maji yake hutoka nje ya nyumba, mbali na mdomo wa ngazi na mbali na ukingo wa kiwanda. Kiwanda chenyewe, kwa uzuri wake wote, hakifai. Kina uwazi juu, lakini chini ni kuta nne na milango ya vyumba, na upepo wa baharini haufiki huko kuisukuma gesi itoke.

Kuna jambo la pili juu ya dari za Lamu ambalo mara nyingi husahauliwa. Ngazi ni moja, nyembamba, na ndiyo njia pekee ya kushukia. Usiweke jiko kati ya watu na ngazi. Wageni wakae upande wa ngazi, jiko liwe upande wa pili, ili moto ukizuka kila mtu ageuke na kuondoka bila kuupita.

Makuti yanataka kutajwa peke yake. Makuti yaliyokaushwa na jua la kaskazi hushika kwa cheche moja, na moto wake huruka na upepo kutoka paa hadi paa. Katika mitaa ya Mkomani na Langoni nyumba zimebanana, na vichochoro vingi havipiti gari, sembuse gari la zimamoto. Acha mita tatu tupu, kwa uchache, kati ya jiko na makuti, ukuta wa mbao, mapazia, kamba ya nguo na kila kinachoshika moto. Mita tatu pande zote, na juu pawe mbingu tupu. Ikiwa dari yako imefunikwa kwa makuti yote, huna mahali pa jiko hili huko juu. Lipeleke kwenye uwanja wa nje, au upike kwa njia nyingine. Najua ni neno gumu kwa mtu aliyekwisha kulinunua, lakini hakuna ufundi unaoliondoa.

Malindi hali ni tofauti. Nyumba nyingi zina bustani, baraza na nafasi ya kutosha, na hatari hubadilika sura: mashimo. Shimo la maji taka lenye mfuniko uliopasuka, mtaro wa maji ya mvua, chumba cha pampu ya bwawa la kuogelea kilichochimbwa chini ya ardhi. Chumba cha pampu kina mota inayojiwasha yenyewe kwa saa zake, na kila ijiwashapo hutoa cheche ndani ya swichi yake. Mtungi unaovuja polepole mita mbili kutoka mlango wa chumba hicho unaingoja tu ile saa.

Mvua ikinyesha ghafla, kishawishi ni kulivuta jiko ndani ya baraza au kwenye daka la mlangoni. Usifanye hivyo hata kwa dakika kumi za kumalizia mishikaki. Moto wa gesi usiopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlaza mtu kwa kichwa kuuma na usingizi kabla hajajua kuwa anadhurika. Funika chakula, zima jiko, subiri mvua ipite.

Kusi na kaskazi

Kwetu upepo hubadilika na msimu, na jiko ligeuzwe pamoja nao. Kusi ikishika, kuanzia mwezi wa Aprili na kuendelea, upepo wa darini huweza kuzima moto mdogo huku gesi ikiendelea kutoka. Majiko mengi ya kuchomea hayana kifaa cha kukata gesi moto unapozimika, kwa hiyo aliyewasha asiliache na kwenda kusalimia wageni. Hatari nyingine ya upepo haifahamiki sana. Majiko haya huwa na uwazi nyuma wa kutolea joto. Upepo ukiingia kwa nyuma huusukuma ule moto na joto lake mbele, chini ya paneli yenye koki, mahali mpira wa gesi unapounganishwa. Mtu huona koki zimekuwa moto haziguswi, akadhani ni kawaida. Geuza jiko upepo uje kwa ubavuni au kwa mbele, na unapoingia msimu wa kaskazi, ligeuze tena.

Kukinga upepo kwa mabati pande zote si dawa. Kabati la chini linalowekwa mtungi lina matundu karibu na sakafu, nayo yako hapo ili gesi ikivuja imwagike nje. Ukiyaziba kwa bati, boksi au karatasi ya alumini, umejenga kiwanda kingine kidogo chini ya moto.

Mtungi

Mtungi unaokwenda Lamu huvuka maji. Hufika Mokowe kwa gari, hupakiwa mashua, kisha hubebwa na hamali au punda hadi mlangoni. Katika safari yote hiyo sharti ni moja: usimame wima, valvu juu. Juu ya kioevu, ndani ya mtungi, kuna nafasi iliyoachwa kwa makusudi. Mtungi haujazwi pomoni; huachwa karibu moja ya tano, kwa sababu kioevu kikipata joto hutanuka na lazima kipate mahali. Nafasi hiyo ndiko valvu inakochota gesi. Mtungi uliolazwa huweka kioevu mdomoni mwa valvu, na kioevu kikipita kwenye mpira kitakuwa gesi mara 250 mbele ya kichomeo. Moto wake haufanani na ule uliouzoea.

Unaponunua, tazama muhuri wa valvu kama haujaguswa, kisha upime. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa kwenye chuma chake. Ongeza kilo za gesi ulizolipia, na mizani inapaswa kusoma jumla hiyo. Mtungi uliopungua umeibiwa. Uliozidi ni mbaya zaidi, kwani ile nafasi ya kutanukia haipo, na mtungi huo utakaa darini kwako saa nane za mchana. Ujazaji wa vichochoroni ndio chanzo cha yote mawili. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, Nairobi, mlipuko katika kituo cha gesi kisichokuwa na kibali uliua watu na kujeruhi mamia, wengi wao majirani waliokuwa majumbani mwao. Bei ya chini ya mtungi usiojulikana ulikojazwa hulipwa na mtaa mzima.

Ukubwa nao una hesabu yake. Jiko lenye vichomeo vitatu vya kilowati tatu na nusu kila kimoja, likiwashwa lote kwa moto mkubwa, hula karibu gramu 800 za gesi kwa saa. Mtungi wa kilo 13 utalilisha kwa saa 15 au 16, wa kilo 6 kwa saa saba au nane. Ila mtungi mdogo una udhaifu mwingine. Kioevu kinapogeuka gesi hufyonza joto kutoka kwenye chuma cha mtungi, na ukichota kwa nguvu chuma hupoa, hutoa jasho la maji, presha hushuka na moto hunywea. Hapo ndipo watu huumwagia maji ya moto au kuusogeza karibu na jiko. Hakuna haja. Punguza kichomeo kimoja, au tumia mtungi mkubwa. Jasho hilo lina faida moja: mstari linapoishia ubavuni mwa mtungi ndicho kina cha gesi iliyobaki. Jasho lisipoonekana, mwaga kikombe cha maji vuguvugu ubavuni na upitishe kiganja. Penye baridi pana gesi.

Chini ya mtungi weka mbao mbili au matofali. Pete ya chini ikikaa juu ya sakafu yenye unyevu wa chumvi huliwa na kutu kutoka ndani, mahali usipopaona.

Regyuleta, na majiko yaliyotoka mbali

Hapa ndipo makosa mengi ya Malindi yanapozaliwa. Mji una Waitaliano wengi na wageni wengine wenye nyumba zao, na majiko mazuri ya kuchomea hupita mkono kwa mkono: mwenyewe anaondoka, anamwachia mlinzi au mpishi, au linauzwa bila kitabu chake. Anayelipokea huona jiko la chuma kisichoshika kutu, vichomeo vinne, kifuniko chenye kipimajoto, na hukata mpira wa zamani akaunga mtungi wa hapa. Kabla ya kukata chochote, tafuta kibati kilichopigwa nyuma au ndani ya mlango wa kabati. Kitasema jiko hilo lilitengenezewa gesi gani na presha gani.

Presha ya ndani ya mtungi ni kubwa na hupanda na kushuka kwa joto la siku. Kazi ya regyuleta ni kuishusha hadi kiwango kidogo kisichoyumba. Regyuleta za majumbani huitoa kwa milibari 30 hivi (milibari ni kipimo cha presha). Majiko ya Italia yaliyotengenezewa gesi ya mtungi huandikwa 28-30 kwa butani na 37 kwa propani. Ya Ujerumani mengi ni ya milibari 50. Jiko la 50 likilishwa 30 litawaka kwa unyonge, na mwenyewe atadhani vichomeo vimeziba. Kinyume chake ni kibaya zaidi: jiko la 30 likipewa 50 hutoa moto mrefu wa manjano unaotoka nje ya wavu.

Kisha kuna majiko ya methani, ile gesi ya mabomba inayofika majumbani huko Ulaya. Kwa kuwa presha yake ni ndogo na nguvu yake ni chache kwa ujazo uleule, vitundu vya kupitishia gesi kwenye jiko lake ni vipana. Ukiviunga na mtungi wa propani na butani, gesi inayopita ni nyingi kupita kiasi. Jiko la namna hiyo haliwashwi mpaka vitundu vyote vibadilishwe kwa vile vya gesi ya mtungi, na fundi anayesema "itajizoea" hafai kuligusa.

Kosa la kienyeji kabisa ni regyuleta ya presha kubwa, ile yenye mshikio wa kuzungusha, inayotumika kwenye majiko makubwa ya mikahawa na ya kupikia pilau la harusi. Hukaa rafu moja na zile za nyumbani, na muuzaji kwa nia njema hushauri, "Dada, chukua hii, ndiyo yenye moto." Regyuleta hizo huweza kutoa bari moja au zaidi, yaani milibari 1,000, zaidi ya mara thelathini ya kile ambacho jiko la kuchomea linakihitaji. Mpira wa kawaida hutoka mdomoni mwake.

Nati zingine za gesi hufungwa kinyume, kuelekea kushoto, na huwa zimekatwa alama ndogo kwenye pembe zake ili fundi azitambue. Anayezilazimisha kwenda kulia huharibu hesi zake na kuanzisha uvujaji usiozibika. Usifunge uzi, tepu wala gundi penye washa ya mpira, kile kipete cha kuzibia. Washa ndiyo inayoziba, na ikiwa imepasuka au kukauka dawa yake ni washa mpya.

Mpira na povu

Mpira uwe wa gesi, umeandikwa hivyo ubavuni pamoja na mwaka wake. Bomba la maji au mrija wa plastiki hulainika kisha hukakamaa kwa gesi, na nyufa huanzia ndani. Urefu wa mita moja na nusu unatosha. Mpira usipite chini ya sinia la mafuta, lile linalokinga mafuta yanayodondoka, wala kugusa chuma cha moto. Ukunje kwa vidole, hasa karibu na ncha zote mbili: ukiona mistari ya nyufa, uondoe, hata kama mwaka haujafika. Miaka mitano ni mingi kwa mpira unaokaa juani na chumvini. Ncha zake zifungwe kwa klipu za skrubu, si waya. Waya hukata mpira upande mmoja na kuuacha wazi upande mwingine. Panya nao hupenda kutafuna mipira hii, na dari za Lamu zina panya.

Kila ukibadilisha mtungi, pima uvujaji kwa povu. Koki zote za jiko zikiwa zimefungwa, fungua valvu ya mtungi polepole, kisha pakaza maji ya sabuni kwenye valvu, regyuleta, mpira wote na maungio yake. Povu likikua au kutoa malengelenge, pana tundu. Funga mtungi, kaza au badilisha, pima tena. Tumia maji matamu: maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na sabuni humo haitoi povu la kutosha, ukajihesabu salama kwa jaribio lisilopima kitu. Kuna watu wanaopima kwa kiberiti. Wanatafuta tundu kwa kitu kitakacholigeuza kuwa moto.

Kuwasha na kuzima

Kifuniko kiwe wazi. Hili likumbukwe hata mengine yakisahaulika, kwa sababu jiko lililofunikwa ni sanduku, na gesi ya sekunde chache ndani yake huwaka kwa mpigo na kukirusha kifuniko usoni. Fungua valvu ya mtungi taratibu. Kwenye regyuleta za kimarekani, ukifungua kwa ghafla kifaa cha usalama hudhani mpira umekatika na kubana gesi, na hapo moto unakuwa mdogo jioni nzima. Dawa ni kufunga kila kitu, kungoja dakika moja na kuanza upya. Fungua koki moja, washa. Isiposhika ndani ya sekunde tano, funga, ngoja dakika tano gesi ishuke na kupotea, ndipo ujaribu tena. Kiwashio cha cheche kikifa, na chumvi hukiua mapema, tumia njiti ndefu kupitia tundu la kuwashia, uso ukiwa kando.

Tazama rangi. Moto wa bluu wenye ncha kidogo za njano ni mzuri. Moto wa njano mtupu unaoacha masizi kwenye wavu unasema hewa haichanganyiki vizuri, na sababu yake kwa kawaida ni uchafu au mdudu, kama nitakavyoeleza.

Wakati wa kuzima, funga mtungi kwanza, acha moto ule gesi iliyobaki mpirani hadi ufe wenyewe, halafu funga koki. Kwa hivyo mpira hulala mtupu.

Mafuta, kutu na buibui

Chakula chetu kina mafuta. Samaki wa kupaka hupakwa tui zito tena na tena, na kila tone lake lina mafuta yanayodondokea kichomeo. Changu au kolekole wa kupaka achomwe kwanza bila tui hadi aive karibu, kisha kichomeo cha chini yake kizimwe, tui lipakwe, amalizie kwa joto la vichomeo vya pembeni. Tui haliungui, na moto haupandi. Ukipanda, sogeza samaki upande usio na moto na ufunge koki. Usimwage maji: mafuta yanayowaka yakikutana na maji huruka. Moto wa mafuta ukishika sinia lenyewe, zima vichomeo vyote, funga mtungi kama unafikika, funika kifuniko, uache ukose hewa. Ndoo ya mchanga mkavu ikae karibu. Mchanga si kitu cha kukosekana Shela wala Malindi.

Sinia la mafuta lisafishwe kila baada ya kupika, si kila mwezi. Moto mkubwa wa majiko haya mara nyingi hautokani na gesi bali na mafuta ya wiki tatu.

Wavu usisuguliwe kwa brashi ya waya iliyochakaa. Nyuzi zake hukatika, hunasa kwenye wavu, huingia kwenye nyama na kumchoma mtu kooni au tumboni. Kumbi la nazi, likiwa na maji kidogo, husugua wavu wenye joto vizuri sana na haliachi kitu cha kudhuru. Ukimaliza, pakaza mafuta kidogo.

Chumvi ya baharini ni adui asiyelala. Hata chuma kinachouzwa kuwa hakishiki kutu hushika kwetu. Kile cha daraja la 316, kilichochanganywa na molibdeni, hustahimili zaidi ya kile cha 304, lakini vyote vinataka kufutwa kwa maji matamu na kukaushwa. Tazama zaidi vichomeo. Vitundu vyake vikiliwa na kutu huungana, moto huwa mkubwa upande mmoja na kufa upande mwingine. Kichomeo cha namna hiyo hakirekebishwi, hununuliwa kipya.

Na buibui. Kati ya koki na kichomeo kuna mrija mfupi wenye uwazi ambapo gesi huvuta hewa na kuchanganyika nayo. Buibui na nyigu wa udongo huupenda. Utando mmoja tu ndani yake huizuia gesi kwenda mbele, ikarudi nyuma, ikawakia chini ya koki, mahali pa vidole vyako. Jiko lililokaa wakati wa masika, hoteli na nyumba za wageni zikiwa zimefungwa, lichukuliwe kuwa lina buibui mpaka vichomeo vitolewe na mirija ipitishwe brashi nyembamba. Baada ya kuvirudisha hakikisha kila mrija umekaa juu ya kitundu chake cha gesi sawasawa.

Kabla ya masika yenyewe, tenga mtungi na jiko, uweke kifuniko cha valvu, na uuhifadhi nje, wima, kivulini penye upepo. Usiuweke chumbani wala chini ya ngazi. Jiko lifunikwe likiwa kavu. Turubai juu ya jiko lenye unyevu hulea kutu.

Ikinuka, ikiwaka

Ukisikia harufu ya gesi, zima moto wowote ulio wazi, funga mtungi, fungua milango, ya chini kwanza, na utoe watu. Usiguse swichi ya umeme, hata ya kuzima, maana kuzima nako hutoa cheche. Simu ipigwe nje, mbali. Katika nyumba ya Lamu mwambie na jirani wa chini na wa ubavuni, kwani kuta mmeshirikiana na gesi yako yaweza kuwa imekwisha kushukia kwake.

Mpira au valvu ikiwaka na unaweza kuifikia, jifunike mkono kwa kitambaa kizito kilicholowa, uje kwa upande upepo unakotoka, ufunge valvu kwa kuizungusha kulia. Moto utakufa kwa kukosa gesi. Usiuzime kwa maji au kwa kuupiga huku gesi ikiendelea kutoka: moto unaowaka unaila gesi hapohapo, ukiuzima gesi huanza kushuka ngazi bila kuonekana, na itawaka tena mahali pengine ikiwa nyingi zaidi. Valvu isipofikika, ondoka na watu wote, piga 999 au 112, usirudi kuchukua kitu. Mtungi uliopitiwa na moto hautumiki tena hata ukionekana mzima. Urudishwe kwa wakala wa kampuni yake na aambiwe wazi kuwa umeungua, na mpira na regyuleta vitupwe.